Neno "sawa" halitoshi katika chumba cha marubani

Wakazi wa Myanga hawashangai tena helikopta inapotua katika uwanja wa shule. Penye mazishi ya mtu mashuhuri, harambee ya kanisa au mkutano wa kampeni, kama tulivyoshuhudia mwaka wa 2013, 2017 na 2022, chombo hicho hushuka, vumbi likatanda, watoto wakaacha vitabu vyao, na mheshimiwa akateremka ameinamisha kichwa. Majuzi nilikuwa nyumbani kwa maziko ya jamaa yetu, nikapata nafasi ya kutazama kuondoka badala ya kuwasili. Mheshimiwa alikuwa na haraka. Alisubiriwa kwenye maziko mengine upande wa Kitale. Tangu mlango ulipofungwa hadi chombo kilipoachana na nyasi, sidhani kwamba dakika moja ilitimia. Mzee aliyesimama kando yangu alimsifu rubani kwa wepesi wake. "Kijana huyu ni hodari," alisema, "hana mambo mengi."

Mimi si rubani. Kazi yangu ni kufundisha isimu chuoni, na ndege nazijua kama abiria yeyote anavyozijua. Hata hivyo nilibaki nikijiuliza swali la fani yangu: katika dakika ile, ni maneno gani yaliyosemwa ndani ya chombo kile, na nani alimjibu nani? Na ikiwa rubani alikuwa peke yake, alijiuliza nini, akajijibu vipi?

Swali hilo si la mzaha. Kila ndege, iwe kubwa ya kubeba mamia ya watu au ndogo ya kubeba wanne, ina karatasi au kijitabu chenye orodha ya ukaguzi. Kabla ya injini kuwashwa, kabla ya kuruka, kabla ya kutua, orodha hiyo husomwa. Penye marubani wawili, mmoja hutaja kifaa, mwingine hukitazama au kukigusa, kisha hujibu. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho sehemu yake ya pili inahusu ndege za kibinafsi na za makampuni, kinataka orodha hizo ziwepo na zitumiwe. Kenya, ikiwa mwanachama wa mkataba huo, ina kanuni zake zinazofuata mkondo uo huo. Kwa hiyo tatizo halipo katika sheria. Tatizo lipo katika kinywa cha mtu anayejibu.

Wasomaji wengi hawajui orodha hii ilitoka wapi. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field karibu na mji wa Dayton nchini Marekani, kampuni ya Boeing ilileta ndege mpya ya kivita, Model 299, ijaribiwe na jeshi. Usukani wake alikuwa ameushika Meja Ployer Hill, rubani aliyeheshimika. Ndege iliruka, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Hill alikufa, na Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing, akafa pia kwa majeraha. Wachunguzi hawakuona kasoro yoyote katika injini. Waliona kwamba kile kifungio kinachozuia upepo usitikise usukani wa mkia wakati ndege imeegeshwa kilikuwa hakijafunguliwa. Baadhi ya watu walisema ndege ile ilikuwa ngumu mno kwa akili ya binadamu mmoja. Marubani wenyewe walikuja na jawabu jingine: waandike mambo ya kukagua kwenye karatasi. Ndege hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa B-17, na zaidi ya 12,000 ziliundwa.

Sasa turuke miaka 79. Usiku wa tarehe 31 Mei 2014, katika uwanja wa Hanscom mjini Bedford, jimbo la Massachusetts, ndege ya kibinafsi aina ya Gulfstream IV ilikwenda mbio kwenye njia yake, ikashindwa kuinuka, ikapita mwisho wa njia na kutumbukia kwenye bonde la kijito. Watu wote saba walikufa, akiwemo mmiliki wake, Lewis Katz. Sababu ilikuwa nini? Kifungio cha upepo hakikufunguliwa. Kosa lile lile la Dayton, katika ndege ambayo tayari ilikuwa na orodha inayotaja kifungio hicho kwa jina.

Lakini kilichonishtua zaidi ni kilichopatikana ndani ya vinasa. Kinasa sauti hakikuwa na neno hata moja la orodha kusomwa. Kinasa data kilionyesha kwamba katika safari 175 zilizotangulia, marubani wale wawili walikuwa wamekagua usukani kikamilifu mara mbili tu. Hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wameruka pamoja kwa miaka mingi, na kampuni yao ilikuwa imekaguliwa na kupewa cheti cha kimataifa cha usalama. Baadaye chama cha wenye ndege za biashara cha Marekani kilichambua data za safari zaidi ya 140,000 za kati ya 2013 na 2015, kikakuta kwamba katika takriban asilimia 18 ya safari hizo ukaguzi wa usukani ulifanywa nusunusu au haukufanywa kabisa. Hao ni marubani wa makampuni makubwa, wenye mishahara minono na ndege za mamilioni ya dola.

Kwa nini mtu anayejua, aliyefunzwa, asiyetaka kufa, aache kusoma mistari michache? Wahandisi na wanasaikolojia wana majibu yao. Nami ninalo langu, na nadiriki kulitoa kwa sababu linahusu lugha.

Mwaka wa 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alieleza kwamba yapo maneno ambayo kazi yake si kupasha habari bali kuwaunganisha watu. Sisi hatuhitaji Mzungu kutwambia hayo. Ukikutana na mtu njiani ukamwambia "Hujambo?", atakujibu "Sijambo", hata kama malaria imemlaza siku tatu na mahindi yake yameliwa na ng'ombe wa jirani. Kule kwetu ukisema "Mulembe" utajibiwa "Mulembe", na hakuna anayekwenda kupima kama amani ipo au haipo. Hakuna aliyedanganya hapo. Jibu limetoka kwa sababu swali limetoka, kama mwangwi unavyotoka mlimani.

Naamini orodha ya ukaguzi huzaliwa ikiwa swali na kwa kurudiwa hugeuka kuwa salamu. Mara ya kwanza rubani akiulizwa juu ya mafuta, hutazama geji. Mara ya mia tatu husema "sawa" macho yake yakiwa dirishani. Mara ya elfu hakuna tena anayeuliza, maana ni nani apendaye kumsalimu kila saa mtu anayeshinda naye kutwa? Na neno hili "sawa", katika Kiswahili cha Kenya hasa, limebebeshwa mizigo kuliko punda wa Lamu. Linamaanisha nimekubali, nimesikia, nimemaliza, tuendelee, niache. Maneno ya Kiingereza yanayotumika katika vyumba vya marubani kwa kazi hiyo hayana nafuu.

Marehemu mama yangu hakujua kusoma, lakini jambo hili alilijua. Nilipojiunga na shule ya bweni katika miaka ya tisini, shule ilituma barua yenye orodha ya vitu: sanduku la bati, kufuli na funguo zake mbili, blanketi, shuka, mashati, soksi, ndoo, fyekeo. Usiku wa kuamkia safari mama aliniketisha mbele ya sanduku, akaniamuru nisome. Nilisoma "mashati", nikajijibu mwenyewe, "yapo." Akakataa. "Mangapi?" Ikanibidi niingize mkono nihesabu. "Soksi?" "Zipo." "Jozi ngapi?" Tuliendelea hivyo hadi tulipofika kwenye kufuli, jirani akabisha hodi, mama akatoka kumkaribisha, nami nikasema kwa sauti kwamba funguo zote mbili zipo. Nililigundua kosa langu bwenini siku iliyofuata, jua likiwa limetua, kufuli imefungwa na funguo ziko mezani Myanga. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alinivunjia kufuli kwa jiwe, na kwa muhula mzima sanduku langu likawa mali ya umma.

Miaka mingi baadaye, nikisoma utafiti wa Asaf Degani na Earl Wiener wa 1990 kuhusu orodha za ndani ya ndege, nilimkumbuka mama. Wataalamu hao walipendekeza kwamba jibu la rubani litaje hali halisi au kiasi cha kifaa, wala lisiwe neno tupu la kuashiria kwamba kimekaguliwa. Mwenye kujibu "lita mia nne" amelazimika kutazama, au amelazimika kusema uongo kwa makusudi, na watu wengi huona vigumu kusema uongo wa makusudi kuliko kusema "sawa" ya mazoea. Walionya pia juu ya kukatizwa. Wasomaji wanaofuatilia mambo haya watakumbuka ajali ya Detroit ya tarehe 16 Agosti 1987, ambapo watu 156 walikufa kwa sababu mabawa hayakuwekwa tayari kwa kuruka. Njia ya kurukia ilibadilishwa, mazungumzo na mnara yakaingilia kati, na sehemu nzima ya orodha ikapotea. Jirani alibisha hodi.

Hapa Kenya tuna kidonda chetu. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways nambari 507 iliruka kutoka Douala, Kamerun, ikiwa na watu 114. Haikufika mbali, hakuna aliyenusurika. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa 2010 inasikitisha kuisoma, hasa kwa mtu wa lugha. Muda mfupi baada ya kuruka, nahodha alitoa agizo la kuwasha mtambo unaoendesha ndege. Msaidizi wake hakulijibu, na mtambo haukuwa umeshika. Kwa karibu dakika moja ndege ilijiinamia kulia polepole gizani, hakuna aliyekuwa akitazama vipimo. Nahodha alikuwa na umri wa miaka 52, msaidizi 23. Hatari ilipodhihirika, yule kijana alitaja kwanza upande wa kulia, kisha akajisahihisha akitaja kushoto. Siwalaumu marehemu. Naona tu kwamba neno lilitoka likakosa mwenzake, nalo ni jambo ambalo orodha na kanuni za kujibizana zilibuniwa kulizuia.

Pengo hilo la umri linatugusa sisi zaidi ya wengine. Mwanaisimu Charlotte Linde, katika makala aliyoyachapisha 1988 katika jarida la Language in Society, alichunguza mazungumzo ya marubani yaliyonaswa na kuonyesha kwamba maneno ya mdogo yakipakwa adabu nyingi mno, huelekea kutozingatiwa na mkubwa. Fikirieni basi kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa kwa unyenyekevu, aliyefunzwa kwamba mwenye kumkatiza mzee hana malezi. Atasemaje kwamba nahodha amesahau kifungio? Atasema: "Samahani Kapteni, naona kama labda..." Kufikia "labda", ndege imekwisha kuondoka. Ubora wa orodha, kwa maoni yangu, ni kwamba inamwondolea mdogo mzigo wa kuthubutu. Anayeuliza ni karatasi. Yeye anaisoma tu.

Wapo wenzangu wanaouliza kama orodha hizo zisitafsiriwe kwa Kiswahili. Mimi, ambaye nimeitetea lugha hii kwa miaka yangu yote ya kazi, nasema hapana kwa sasa. Swichi zimeandikwa kwa Kiingereza na kitabu cha mtengenezaji ni cha Kiingereza. Kumlazimisha mtu atafsiri kichwani wakati injini inanguruma ni kumtafutia kosa. Hoja yangu ni nyingine.

Katika mashirika makubwa kuna idara ya mafunzo, kuna watahini, na kuna watu ambao kazi yao ni kusoma data za kila safari. Mkataba wa Chicago unayataka mashirika yenye ndege za zaidi ya kilo 27,000 yawe na mpango wa kuchambua data hizo. Lakini katika kampuni, kanisa, shirika la misaada au kwa tajiri mwenye ndege moja na marubani wawili watatu, nani anayesikiliza? Bosi mwenyewe ndiye abiria, naye amechelewa. Anaona kijitabu kile kama karani anayemcheleweshea muhuri.

Tumezika wengi. Tarehe 24 Januari 2003, chini ya mwezi mmoja tangu serikali ya NARC iapishwe, ndege ya kukodiwa iliyowabeba mawaziri kutoka sherehe ya Moody Awori iligonga nyaya za umeme muda mfupi baada ya kuruka kutoka uwanja mdogo wa Busia, si mbali na kwetu. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alikufa pamoja na marubani wote wawili. Ikafuata Marsabit tarehe 10 Aprili 2006, Kipkalya Kones na Lorna Laboso tarehe 10 Juni 2008, George Saitoti na Orwa Ojode tarehe 10 Juni 2012. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, watu 10 wakafa, na upande wetu huu wapo waliowafahamu. Msomaji asinielewe vibaya: sisemi kwamba ajali hizi zilitokana na orodha kutosomwa. Kila moja ina sababu zake. Nasema kwamba katika kila mojawapo tulilia, tukadai tume, tukazungumza juu ya ubovu wa ndege, hali ya hewa na njama za kisiasa, lakini sikumbuki mara moja tulipouliza hadharani jinsi watu wanavyozungumza ndani ya ndege zetu ndogo siku ambazo hakuna ajali.

Hili linawezekana kuulizwa. Madaktari wameliuliza. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vipengele 19 ya kusomwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Francis kule Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo kwa jumla vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Wanaokodi ndege na helikopta, na hapa nazungumza na makampuni, makanisa na serikali za kaunti ambazo hulipa kwa fedha za umma, wanaweza kuandika katika mkataba kwamba orodha itasomwa kwa sauti na kwamba abiria, awe nani, hatamsemesha rubani hadi imalizike. Gharama yake ni wino. Waendeshaji wanaweza kupitia orodha zao wenyewe, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji na kwa idhini ya mamlaka, na kuondoa kila jibu linaloweza kutolewa macho yakiwa yamefumbwa. Nayo mamlaka ya usafiri wa ndege ingefaa ipanue uchambuzi wa data ufike hata kwa hawa wadogo. Vifaa vyepesi vya kunasa safari vipo, na havihitaji ndege kubwa. Najua marubani wataogopa kwamba vitatumika kuwafukuza kazi. Hofu hiyo ni ya haki, na sheria iwalinde.

Nina sababu yangu ya kuandika haya sasa. Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeacha isimu akaenda kusomea urubani (sikumlaumu), ni rubani msaidizi katika kampuni moja ndogo. Alinijia nyumbani akanieleza kwamba nahodha wake hasomi orodha. Kila anapofungua kijitabu, nahodha humwambia, "Weka hiyo, tunaijua." Akaniuliza afanye nini. Ana mke, mtoto mdogo na mkopo wa masomo ambao haujafika nusu. Nilitamani nimpe jibu la kishujaa, lakini kazi si yangu ya kupoteza. Nilimwambia asome tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayejisomea, na kila penye kipimo asikubali "sawa". Aulize kiasi gani.

Wiki jana alinipigia simu. "Mwalimu," alisema, "nimesoma." Nahodha alicheka, akamwita karani, akajibu "sawa" mara tano mfululizo. Walipofika kwenye mafuta, kijana akauliza ni kiasi gani. Nahodha akanyamaza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waanze kuruka pamoja, akainamisha kichwa akatazama geji.